Mnunuzi Hukaa Kitini Kwanza

Kaka yangu hamwamini mtu mpaka amemwona magego. Sitii chumvi. Wenzake humpima mgeni kwa salamu, kwa viatu au kwa anavyomsemesha mlinzi wa mlangoni. Kaka humlaza kitini, humwashia taa ya uso, humwambia "fungua," na baada ya dakika tatu anajua tabia yake yote pamoja na makosa ya ujana. Neno hilo alilitamka mara mia kwa siku, mpaka wagonjwa wakampachika jina la Daktari Fungua. Wifi yangu ananiapia kwamba hulisema hata usingizini, na sina sababu ya kumtilia shaka.

Ndivyo alivyoajiri watu. Pamba, msaidizi wake wa kitini tangu siku ya kwanza, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu hakosi pamba mfukoni hata akienda sokoni, alikuja na vyeti ndani ya bahasha safi. Kaka hakuifungua. Alimtazama meno ya mbele ya chini, akasema mwanamke anayesugua hata upande wa nyuma, ambako hakuna anayeona, hawezi kutuibia. Imepita miaka ishirini na minne na Pamba hajapoteza hata koleo moja. Hilo ndilo lililomharibu kaka. Tangu hapo hakuna binadamu aliyeweza kumwambia kwamba meno ni meno tu.

Mimi mwenyewe nilipitishiwa wachumba wawili kwenye kiti kile. Wa kwanza magego yake yalikuwa yamelika juu, kaka akasema anayesaga meno usingizini ana jambo analolificha mchana. Wa pili alikuwa na jino la dhahabu, na sioni haja ya kueleza kaka alisema nini. Wa tatu nilifunga naye ndoa kwanza, ndipo nikamtambulisha. Mpaka leo mume wangu akikaa na shemeji yake hucheka huku amefumba mdomo.

Mimi ndiye wa mapokezi. Nilikuja kumsaidia kaka kwa wiki mbili, mpaka apate mtu. Naona bado anatafuta.

Tulianza na chumba kimoja juu ya duka la viatu. Kiti kilikuwa cha mtumba, kimechanika pajani, na nilikishona mwenyewe kwa uzi wa mabegi. Mashine ya upepo ilinguruma kiasi kwamba watu waliokuwa wakijaribu viatu chini walitoka bila kulipa, na mwenye duka alipanda ngazi kila wiki kutuuliza kwa upole kama tunaua watu au tunatibu. Kibao cha barabarani tulimpa fundi wa rangi, tukamwambia achore gego lenye mizizi miwili. Alichora kwa moyo wake wote. Kwa miezi minne watu walipanda juu kuulizia chupi.

Waliobaki walibaki kwa sababu ya mkono. Kaka alikuwa na mkono mwepesi, na hilo hakuna aliyebisha, hata waliomchukia. Angekuuliza paa la nyumba yako linavuja upande gani, ukiwa bado unamweleza, anakwambia, "Tayari, tema." Watu wazima waliokuwa wakiishi na jino bovu miaka saba kwa kuogopa sindano walishuka ngazi wakijishika shavu na kucheka kwa aibu. Wakawaleta wake zao, wakawaleta mabosi wao, wakaleta hata watu waliogombana nao.

Basi tukakua. Mwenye duka la viatu alihama, sisi tukashuka chini, viti vikawa vitatu. Wifi, ambaye ni mwanamke mwema lakini huamini kila kinachosemwa kwenye semina, akatuletea mtaalamu wa biashara. Mtaalamu alikaa mapokezi siku mbili akiandika, kisha akatufundisha. Tusiseme wagonjwa, tuseme wateja. Tusiseme kung'oa, tuseme kuliaga jino. Benchi likatolewa, likaja kochi laini, na tangu hapo kazi yangu ikawa kuwaamsha wateja. Akaagiza pia tangi la samaki, ili watoto watulie wakisubiri. Mwezi wa kwanza samaki mkubwa aliwala wadogo wote mmoja mmoja, mbele ya watoto waliokuwa wanakuja kuyaaga meno yao.

Kaka aliajiri pia daktari mwingine, kijana mpole wa zamu, siku tatu kwa wiki. Meno yake, niliambiwa, yalikuwa ya mtu asiyependa ugomvi. Hilo liligeuka kuwa kweli na liligeuka kuwa tatizo, kwa sababu nilipohitaji mtu wa kumwambia kaka ukweli, kijana aliangalia viatu vyake.

Ukweli wenyewe niliuona kwenye kikombe cha chai. Mwaka mmoja na nusu uliopita, saa nne ya asubuhi, nilimpelekea kaka chai kama kawaida, akakishika kikombe kwa mkono wa kulia, na kisahani kikaanza kulia chini yake. Aliweka kikombe mezani, akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, akautia mfukoni. "Ni kahawa," alisema. Kaka hanywi kahawa. Baadaye ikawa usingizi mchache, baadaye ikawa mto wa kulalia, baadaye ikawa kiyoyozi. Kila kitu ndani ya jengo lile kilishtakiwa isipokuwa mkono.

Nikamwambia aende akaonwe. Akasema ataenda. Najua anavyosema "nitaenda"; ndivyo wagonjwa wetu walivyokuwa wakisema kuhusu uzi wa kusafishia meno.

Nikafanya nilichoona ni busara. Nikapanga upya daftari la miadi. Wa kung'olewa na wa kuchimbwa wote nikawasukumia siku za kijana wa zamu, na kaka nikamwachia wa kuangaliwa tu, wa kushauriwa, wa kupigwa mswaki na kusifiwa. Karatasi za dawa nikawa naandika mimi, yeye akigonga muhuri tu. Mgonjwa akimtaka yeye mwenyewe, nilimwambia daktari amejaa mpaka mwezi ujao. Kaka alijifanya haoni na mimi nikajifanya sijui kwamba anaona. Pamba alikuwa akimpokonya vyombo kwa heshima kubwa, kama unavyompokonya mgeni sahani anayotaka kuiosha. Hatukumkamata kila mara. Walikuwepo waliopita kati ya vidole vyetu, na nilipowaona wakitoka wakiwa wazima nilimshukuru Mungu na kuendelea kusema uongo.

Nilijiona mwerevu. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma hadi leo.

Kisha akaja Mwalimu. Mwalimu ni mzee mstaafu, mgonjwa wetu tangu enzi za kibao cha chupi, mtu wa shati lililonyooka na kalamu mbili mfukoni. Alikuja Jumatatu bila miadi, shavu limevimba, akaniambia atasubiri Daktari Fungua hata kama ni mpaka jioni, kwa kuwa hajawahi kuguswa na mwingine. Nilipokuwa nikitafuta uongo wa kumpa, kaka alitokea mlangoni akamwona. Akamshika bega wakaingia.

Nilisikia sauti ya mashine, kisha nikasikia imezimwa ghafla. Halafu Pamba akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Chombo kilikuwa kimeteleza na kumchana Mwalimu mdomo wa chini kwa ndani. Kijana wa zamu alikimbia kutoka kiti cha tatu akamshona nyuzi tatu. Kaka alikuwa amesimama ukutani, mkono mfukoni, uso hauna damu.

Na Mwalimu, na pamba mdomoni, akasema, "Ahsanteni."

Mtu akikutukana unajua pa kujishika. Huyu alishukuru, akasimama kwangu mapokezi akinitazama, akisubiri nimwambie kilichotokea. Nilimtazama machoni. Nikamwambia, "Ulitikisika kidogo, Mwalimu. Wakati mwingine ujitahidi utulie."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Mchana wa siku hiyo kaka alinijia mapokezi kula chakula chake, jambo la ajabu kwa sababu hula ofisini kwake peke yake. Alitafuna polepole, upande mmoja, akiangalia samaki aliyebaki.

"Tuuze," akasema.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Niliona tumeokoka. Tutauza haraka, kimya kimya, kaka atastaafu kwa heshima, watu watamwandalia hotuba na saa ya ukutani, na hakuna atakayejua lolote. Mkono utakaa nyumbani, mfukoni, pensheni yake ikiwa salama.

"Lakini mnunuzi," kaka akaendelea, "akae kitini kwanza."

Nilitamani kumpiga na trei.

Mnunuzi wa kwanza alikuja na tai na mkoba, mwenye zahanati kumi na mbili za meno, zote za rangi moja, zilizopangana kama mabasi. Alisifu kochi. Alisifu tangi la samaki, kwa hiyo nikajua ni mtu wa semina. Kaka akamlaza, Pamba akashika kijioo, kaka akamulika.

"Kofia hizi mbili za mbele umewekewa na nani?"

"Kwetu wenyewe, daktari. Kazi ya vijana wangu."

"Meno yaliyo chini yake yalikuwa na nini?"

"Hayakuwa na kitu. Ni mwonekano tu. Siku hizi wateja wanapenda."

Kaka akazima taa. Mwenye tai alipoondoka, kaka akaniambia mtu aliyekubali kuchongwa meno yake mwenyewe mazima atachonga ya mtaa wote. Nikamwambia kwamba hilo si letu tena tukishauza. Akaniangalia kama nimetapika mezani.

Wa pili alisoma naye chuo kimoja, mnene, mcheshi, anayempiga kila mtu mgongoni. Pamba alimpenda. Mimi nilimpenda. Hata samaki alisogea kwenye kioo. Kaka alimaliza naye kwa dakika moja.

"Magego yamesagika mpaka yamekuwa bapa," alisema. "Mchana anacheka, anamalizia hasira kitandani. Atawatesa Pamba na wewe."

"Mimi nitajitesa mwenyewe, sihitaji msaada."

"Hapana."

"Kaka, unatafuta mnunuzi au unatafuta mkwe?"

"Natafuta mtu."

Kwa wakati huo mimi ningemuuzia hata mtu asiye na meno. Nikapunguza sauti, kwa sababu kochini kulikuwa na wateja wawili, ingawa mmoja alikuwa amelala. "Na mkono huo utauficha mpaka lini?"

Akautia mfukoni kabla hajajibu. "Mkono gani?" akasema, akaingia ndani.

Jumatatu moja, wiki tatu baada ya Mwalimu kushonwa, nilifungua daftari la miadi nikakuta mwandiko usio wangu. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka kama za mtoto anayejifunza. Alhamisi, saa nne ya asubuhi, gego la mwisho la chini, kung'oa, na mbele yake kaka alikuwa amejiandika yeye. Mgonjwa alikuwa mama mmoja mshona nguo wa mtaa wa pili, jino limelala kwa ubavu ndani ya mfupa. Hiyo si kazi ya mkono wa kutetemeka. Karibu na mizizi ya jino lile unapita mshipa wa fahamu, na ukiugusa vibaya mtu anabaki na mdomo wenye ganzi maisha yake yote.

Nilimfuata. Nikamwambia namfuta mgonjwa huyo, au nampeleka kwa kijana. Akaniambia nikimfuta, atampigia simu mwenyewe. "Ishirini na minne," akasema, akimaanisha miaka. "Nataka jino moja tu la mwisho, nilitoe vizuri, niondoke." Ndipo nilipoelewa. Alikuwa anauaga mkono wake, na alitaka kuuagia mdomoni mwa mama wa watu.

Nilipaswa kumpigia simu yule mama siku hiyohiyo nikamwambia kwa nini asije. Niliinua simu mara mbili. Mara zote mbili nilifikiria kibao chetu, kochi letu, jina la kaka linavyotamkwa madukani, nikairudisha.

Alhamisi saa mbili akaja mnunuzi wa tatu. Ni daktari wa kike wa makamo, aliyefanya kazi hospitali ya umma miaka mingi, mwenye viatu vya chini na mkoba uliochoka. Hakusifu kochi. Tangi la samaki alilipita kama vile ni ndoo. Aliomba kuona chumba cha kuchemshia vyombo, akafungua mashine, akanusa, akanawa mikono bila kuulizwa. Nilimwona Pamba akijinyoosha mgongo.

Kaka akaonyesha kiti. "Utanisamehe, daktari. Ndiyo desturi yangu. Fungua."

"Nimesikia," akasema yule daktari. "Nitakaa. Lakini na mimi nina desturi yangu. Wewe kwanza."

Kaka alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Miaka ishirini na minne alikuwa amewalaza pale watu wa kila aina, na sikuwahi kumwona amekaa kwenye kiti kile hata kufunga kamba za viatu. Alimtazama Pamba amsaidie. Pamba akamvalisha kitambaa cha kifuani, akakifunga vizuri, kwa adabu ile ile anayowafungia watoto.

Akalala. Mikono yake ikashika kingo za kiti, ikashika kwa nguvu, hivyo mtu hakuweza kuona kitu.

"Fungua," akasema daktari wa kike.

Alimulika muda mrefu. Nilisogea nikachungulia, dhambi yangu ni hiyo. Sijawahi kuona aibu kama ile. Utando wa miaka, fizi zimerudi nyuma, na gego moja la chini kushoto limebaki kuta tu, katikati shimo jeusi. Mtu aliyewagombeza watu wa mitaa minne kuhusu uzi wa kusafishia meno.

"Mara ya mwisho umeonwa lini?"

"Chuoni."

"Unatafuna upande mmoja miaka mingapi sasa?"

"Minne."

"Kwa nini hukumwendea mtu?"

"Sikumpata wa kumwamini."

Yule daktari hakubishana. Alichukua kioo cha mkono, kile kikubwa tunachowapa wagonjwa wajione, akamwekea kaka kwenye mkono wa kulia. "Wanasema unamsoma mtu kwa meno yake. Hebu nisomee huyu."

Kaka akainua kioo. Taa ya kiti ikapiga kwenye kioo, na duara la mwanga likatokea darini juu yetu, likaanza kuchezacheza. Lilikwenda huku, likarudi, likagonga kona ya ukuta, likarudi. Kaka alijaribu kulituliza kwa kushikilia kioo kwa mikono miwili na likazidi. Wote tuliinua vichwa tukaliangalia. Hakuna aliyeweza kujifanya hamnazo, kwa sababu lilikuwa juu ya vichwa vyetu, kubwa kama sinia.

Daktari wa kike akashusha macho kutoka darini mpaka mkononi. "Toka lini?"

Kaka akaendelea kuangalia dari.

"Mwaka mmoja na nusu," nikasema mimi. Sauti yangu ilinishangaza. Maneno hayo sikuwa nimewahi kuyatoa mdomoni, hata kwa mume wangu.

"Na saa nne kuna mgonjwa," Pamba akasema kutoka nyuma. "Wa gego la mwisho."

Kaka alikuwa bado ameshika kioo. Alijitazama kinywa chake, au kile kilichoweza kuonekana kwenye kioo kinachotikisika. "Huyu ni mtu mwoga," akasema. "Alijua siku nyingi, akanyamaza, akawaachia wengine wamfunike. Nisingemuuzia."

Kisha akalia. Si kwa kelele. Machozi yalikwenda pembeni kuelekea masikioni kwa kuwa alikuwa amelala, na Pamba akayapangusa kwa pamba, maana ndiyo aliyokuwa nayo.

Mgonjwa wa saa nne alihudumiwa na kijana wa zamu, daktari wa kike akiwa amesimama kando yake akimwelekeza kwa maneno machache. Jino lilitoka. Yule mama mshona nguo alishika mdomo wake, akasema anausikia wote, na mimi nikaenda chooni nikafunga mlango nikakaa kidogo.

Niliporudi, mnunuzi alikuwa ofisini anaongea na kaka. Alikuwa tayari kununua. Alikuwa na sharti moja. Kila mtu ambaye kaka aliingiza chombo chenye makali mdomoni mwake kwa mwaka huo mmoja na nusu aitwe, aangaliwe bure, na aambiwe sababu.

"Kuangaliwa sawa," nikasema haraka. "Tutasema ni ofa. Kusherehekea mmiliki mpya."

"Na sababu," akarudia.

"Watamtangaza kila duka. Jina lake litaisha."

"Jina lake ndilo ninalonunua, dada. Viti hivi vimechoka na samaki simtaki. Nikinunua jina lenye jambo limefichwa ndani, baada ya mwaka litaniumiza mimi."

Nilianza kueleza tena, kwa ufasaha, kama mtaalamu wa biashara. Kaka akanyoosha mkono kunizuia. Ule wa kulia. Aliuacha juu ya meza, mbele ya mgeni, ukitetemeka juu ya karatasi mpaka karatasi zikawa zinatoa sauti.

"Mdogo wangu," akasema, "lete daftari."

Lakini kabla sijaenda alimkumbusha daktari wa kike kwamba zamu yake ya kukaa bado. Mtu habadiliki kwa asubuhi moja. Pamba alishika kijioo na kaka akaangalia tu, mikono nyuma. Jino moja la mbele lilikuwa limepinda kidogo na halikuwahi kunyooshwa, gego moja limezibwa zamani na kuzibwa vizuri. "Hana cha kuficha," kaka akatoa hukumu. Mwenyewe alikuwa anazungumza kwa taabu, kwa sababu shavu lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kupata ganzi. Daktari wa kike alikuwa amemchoma sindano ya ganzi, akamwambia hanunui kwa mtu mwenye gego lile mdomoni.

Tulihesabu kwenye daftari. Walikuwa sitini na mmoja. Mimi na busara yangu tulikuwa tumedhani ni wachache.

Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Mwalimu. Alikuja kesho yake, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni, na akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Kaka alitoka ofisini, pamba bado ikiwa ndani ya shavu, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Mwalimu, mkono wangu ni mgonjwa," akasema. "Siku ile pia mkono ulikuwa mgonjwa na nilijua. Nimekuumiza. Naomba radhi." Akauweka mkono gotini, wazi, Mwalimu auone.

Mwalimu aliuangalia. Kisha akaniangalia mimi, na nikajua kwamba kaka amemaliza sehemu yake na ya kwangu imebaki. Nina ulimi mwepesi, kila mtu atakwambia. Nimewahi kumnyamazisha mtaalamu wa biashara, na mwenye nyumba, na wifi yangu kwenye sherehe yake mwenyewe. Ilinichukua muda.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile hukutikisika."

Akanielekezea sikio.

"Nilikudanganya. Ulikuwa umetulia kabisa."

Mzee akashika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, pale penye kovu. "Nilimwambia mke wangu nimemharibia daktari kazi," akasema taratibu. "Nikaona haya kurudi. Jino lingine limeniuma wiki tatu hizi, nikawa nafanya mazoezi mbele ya kioo. Ya kutulia."

Hapo machozi yalinitoka, na sikuwa na pamba. Kaka aliinamisha kichwa. Mwalimu alitutazama sisi wawili, ndugu wa tumbo moja tunaolia mapokezi mbele ya samaki, na nadhani alituonea huruma, jambo ambalo lilizidi kunidhalilisha.

Daktari mpya alimwita kutoka mlangoni. Mwalimu akainuka, akazipanga kalamu zake, akasimama mbele ya meza yangu.

"Sasa leo nikitikisika, utaniambia kweli?"

"Nitakuambia."

Akaingia. Nikafuta jina lake kwenye orodha, nikavuta simu karibu. Walikuwa wamebaki sitini.